Kabla Hujalipia Kompyuta ya Gemu: Soma Namba ya Prosesa, Sio Stika ya i7

Oktoba 2023, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Embu na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu matokeo ya KCSE. "Sista, nimepata kompyuta ya gemu. Ni i7! KSh 24,000 tu."

KSh 8,000 kati ya hizo alipewa na mama, kutoka kwa bonasi ya majani chai kule nyumbani Imenti Kusini. Zingine alizitafuta mwenyewe, likizo baada ya likizo, akifanya vibarua vya kuchuma muguka upande wa Mbeere. Muuzaji alikuwa Nairobi, alimpata mtandaoni. Pesa zilitumwa kwa namba ya kawaida ya simu, na kesho yake mzigo ukafika Embu kwa matatu.

Stika ilikuwepo kweli: i7. Lakini FC 24 ilikataa kufunguka kabisa. GTA V ilifunguka, ila ilikuwa kama unaangalia picha za harusi, moja moja. Alimpigia muuzaji, akaambiwa "zima uwashe tena, boss." Mara ya tatu simu haikushikwa.

Kinachouma ni kwamba hakudanganywa waziwazi. Ndani kulikuwa na i7 halisi. Shida ni kwamba ilikuwa Core i7-2600, prosesa iliyotoka mwaka 2011, na kompyuta haikuwa na kadi ya grafiki. Alilipia jina.

Sisi kazi yetu ni malipo, na ukishabonyeza "tuma" pesa huwa imeenda. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu kile kinachofaa kufanyika kabla ya kubonyeza. Kama uko Meru, Embu, Nkubu, Runyenjes au Maua na unaweka pesa ya kompyuta ya gemu, soma hii hadi mwisho.

Prosesa inafanya nini wakati unacheza?

Watu husema prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kweli, lakini hiyo haikusaidii kuchagua. Tuchukue mfano wa huku kwetu.

Fikiria shamba la miraa huko Igembe. Kuna watu wanachuma, wanachambua na kufunga mabunda kwa majani ya ndizi. Hapo nje kuna pikapu inangoja kukimbia Nairobi, kwa sababu miraa ikikauka bei inaanguka. Wale wafungaji ndio prosesa. Pikapu ndiyo kadi ya grafiki.

Kwenye gemu, prosesa inapiga hesabu: mpira unaenda wapi, beki wa kompyuta atakimbia upande gani, gari likigonga ukuta litafanyaje. Ikimaliza inakabidhi kazi kwa kadi ya grafiki, ambayo inachora picha unayoiona. Kila picha inaitwa fremu. Ukipata fremu 30 kwa sekunde unaweza kucheza. Ukipata 60, mchezo ni laini, na skrini nyingi za kawaida haziwezi kuonyesha zaidi ya hapo.

Wafungaji wakiwa wazembe, pikapu inasimama ikingoja hata kama ni mpya kutoka shoruumu. Wakiwa hodari lakini hakuna pikapu, mabunda yanarundikana. Mdogo wangu alipata yote mawili: wafungaji wazee, na mkokoteni badala ya pikapu.

Kwa hivyo usimalize bajeti yote kwa prosesa. Gemu nyingi hutegemea kadi ya grafiki zaidi, na prosesa kazi yake ni kuhakikisha kadi hiyo haikai bure.

Viini vingapi, na kasi gani?

Idadi ya wafungaji ndiyo inaitwa viini. Kwenye skrini utaona neno Cores. Prosesa nyingine zina ujanja ambapo kiini kimoja kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja, na hizo tunaziita nyuzi. Ndiyo maana utasikia "viini 4, nyuzi 8."

Usidhani wengi ndio bora kila wakati. Gemu nyingi hazijui kugawa kazi kwa wafungaji 16, kwa hivyo wengine wanabaki wamekaa. Kwa gemu za sasa, viini 6 vinatosha watu wengi. Viini 4 vyenye nyuzi 8 ni mahali pa kuanzia, bora viwe vya miaka ya karibuni.

Na usidanganywe na GHz. Core i7-2600 ya 2011 inaanzia 3.4 GHz. Core i3-12100 ya 2022 inaanzia 3.3 GHz. Kwa karatasi, mzee anaonekana mshindi. Lakini prosesa mpya inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo mmoja, halafu i3 hiyo ikihitajika hupanda hadi 4.3 GHz. Zote zina viini 4 na nyuzi 8, na bado i3 inaiacha i7 mbali sana.

Ndio, i3 inaishinda i7. Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea.

Namba ndefu ndiyo yenye ukweli

Kwa prosesa za Intel unazopata kwa mashine nyingi za ex-UK, jina linasomwa hivi. Chukua i5-8500:

- i5 ni daraja lake ndani ya familia moja. i3 iko chini, i5 katikati, i7 juu.
- 8 ni kizazi. Hii ilitoka 2018.
- 500 ni nafasi yake kati ya ndugu zake wa kizazi hicho.

Ukiona namba tano, mbili za kwanza ndizo kizazi. i5-12400 ni kizazi cha 12. Kwa kompyuta ya mezani, ukiona namba nne tu, ya kwanza ndiyo kizazi. i7-2600 ni kizazi cha 2. Angekuwa amejua hilo peke yake, mdogo wangu angekuwa na pesa zake.

Upande wa AMD, angalia jina Ryzen. Ryzen 5 5600G: hiyo 5 ya kwanza ni daraja, na 5000 ndiyo familia, iliyoanza kufika kwa wateja 2020.

Halafu kuna herufi ya mwisho, ambayo wauzaji wengi huiruka:

- T: imepunguzwa nguvu ili isile stima na isipate joto. Utaipata sana kwa zile kompyuta ndogo za ofisi. i5-6500T ni polepole kuliko i5-6500.
- F: haina grafiki za ndani. Bila kadi ya grafiki, hutaona kitu kwa skrini.
- G: hii ni ya AMD, ina grafiki za ndani zenye nguvu kidogo.
- K: inaweza kusukumwa zaidi ya kasi yake ya kiwandani. Wengi wetu hatuihitaji.
- U: ya laptopu nyepesi, inajali betri kuliko kasi. H ni ya laptopu zenye nguvu.

Kwa hivyo ukiambiwa "laptopu i7" na mwishoni kuna U, usilinganishe na i7 ya kompyuta ya mezani. Ni majina yanafanana tu, kama watu wawili wanaoitwa Mwenda.

Anza na gemu, halafu ndio uende dukani

Kabla hujauliza bei, andika gemu tatu ambazo utacheza kweli. Sio zile unazoona YouTube, zile wewe na marafiki mtacheza Jumamosi. Kila gemu ina orodha ya mahitaji kutoka kwa watengenezaji, na ni bure kusoma.

*GTA V*, lile toleo lililoingia kwa kompyuta 2015, inapendekeza Core i5-3470 ya 2012, RAM ya 8 GB na kadi ya GTX 660. Hii mashine nyingi za bei nafuu zinaweza, mradi kuna kadi.

*FC 24* imepanda ngazi. Kiwango cha chini ni Core i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM ya 8 GB na kadi kama GTX 1050 Ti. Inataka pia nafasi ya 100 GB, kwa hivyo diski ya 128 GB itakuliza.

*Valorant* ni nyepesi kwa prosesa, lakini kwa Windows 11 inadai vitu viwili vya usalama, TPM 2.0 na Secure Boot. Mashine ya zamani sana inaweza kuwa na kasi ya kutosha na bado ukafungiwa mlango.

Jambo lingine: gemu mpya kadhaa zinadai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, ambayo kwa Intel yalianza na kizazi cha 4 mwaka 2013. Chini ya hapo, gemu kama hizo hazifunguki kabisa.

Sasa, ningekuwa mimi, ningechagua hivi:

1. Bajeti ndogo, mashine ya ex-UK. Tafuta kizazi cha 8 kwenda juu, kama i5-8500 yenye viini 6. Mashine kama HP EliteDesk 800 G4 au Dell OptiPlex 7060 ni za kizazi hicho. Chukua lile kasha kubwa, weka RAM ya 16 GB, halafu ongeza kadi kama GTX 1650 ukipata pesa.
2. Huna pesa ya kadi kwa sasa. Ryzen 5 5600G ina viini 6, nyuzi 12 na grafiki za ndani zinazocheza gemu nyingi ukishusha ubora wa picha. Weka vipande viwili vya RAM, kwa mfano 8 GB mara mbili, sio kimoja cha 16 GB. Grafiki hizo hukopa RAM ya kompyuta, na vipande viwili ni kama barabara ya njia mbili.
3. Unajenga mashine mpya. Core i3-12100F, Core i5-12400F au Ryzen 5 5600, pesa inayobaki iende kwa kadi.
4. Zile kubwa. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilisifiwa sana kwa sababu ina 96 MB za kumbukumbu ya karibu, kama kuwa na majani ya ndizi mkononi badala ya kuyafuata shambani. Ni nzuri sana. Lakini kwa skrini ya fremu 60, hutaona tofauti ya pesa hiyo.

Mitego mitatu ya ex-UK

Mashine za ofisi kutoka Uingereza zimesaidia wengi wetu, na hakuna aibu yoyote kununua mtumba. Jua tu mitego yake.

Wa kwanza ni kasha. Zile ndogo kama kitabu haziingizi kadi ya grafiki ya kawaida. Zile nyembamba za katikati zinaingiza kadi fupi maalum pekee, na huwa ni chache sokoni. Uliza pia saizi ya pawasaplai. Kadi kama GTX 1050 Ti hutumia wati 75 na nyingi hazihitaji waya wa ziada, ndiyo maana zinapendwa kwa mashine hizi.

Wa pili ni bodi. Watu husema, "nitanunua kizazi cha 6 sasa, baadaye nibadilishe prosesa tu." Sivyo. Prosesa ya kizazi cha 8 ina umbo linalofanana na soketi ya kizazi cha 6 na cha 7, lakini bodi za mashine hizo haziikubali. Ukinunua EliteDesk 800 G2, umenunua kizazi cha 6 na mwisho wako ni hapo.

Wa tatu ni Windows. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inakubali Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za cha 7, na Ryzen kuanzia familia ya 2000. Ndiyo sababu utaona mashine za kizazi cha 6 zikishuka bei. Bei nzuri, lakini sasa unajua kwa nini.

Stima nayo?

Kompyuta ya gemu yenye kadi ndogo ikila wati 200, ukicheza saa 3 kwa siku ni uniti 0.6. Kwa siku 30 ni uniti 18 za tokeni. Kama tokeni ananunua mama, mwambie mapema. Na kwa sababu mvua ikianza huku mlimani stima hupotea bila hodi, weka pesa kidogo ya UPS kwa bajeti yako.

Jinsi ya kulipa bila kulia

Hapa ndipo tunapojua vizuri zaidi. Fuata hatua hizi, hata kama muuzaji ana haraka. Hasa kama muuzaji ana haraka.

1. Weka akiba kwa lengo. KSh 700 kila wiki kwa wiki 52 ni KSh 36,400. Iweke kwa akiba iliyofungwa kwenye simu, mahali ambapo Ijumaa jioni haiwezi kuifikia.
2. Washa mashine kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, halafu CPU. Utaona jina kamili la prosesa na idadi ya Cores. Stika inaweza kubandikwa na yeyote, hapa ni kompyuta yenyewe inajitambulisha.
3. Cheza hapo dukani. Beba gemu moja kwa flashi, au omba wakufungulie yoyote iliyopo kwa dakika 15. Sikiliza kama feni inapiga kelele kama posho mill.
4. Uko Meru na duka liko Nairobi? Ni zaidi ya kilomita 200, naelewa. Tuma ndugu au rafiki aliye huko akague. Ukikosa mtu, omba simu ya video mashine ikiwa imewashwa kwenye ukurasa huo wa CPU, na namba ya siri ya mashine ionekane. Mkubaliane ulipe mzigo ukifika na ukishaukagua. Muuzaji akisema lazima pesa yote itangulie, wewe tangulia kwa duka lingine.
5. Lipa kwa till au paybill ya biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama duka linaitwa hivi na jina limekuja la mtu binafsi, simama uulize.
6. Dai risiti yenye maelezo. Isiandikwe "kompyuta i7". Iandikwe "Core i5-8500, RAM 16 GB", namba ya siri na muda wa garantii. Usifute ujumbe wa malipo. Ule ujumbe na risiti ndio mashahidi wako.
7. Ukikosea namba, usingoje. Piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala. Kila dakika inayopita inampa mpokeaji nafasi ya kuzitoa.

Ilivyoishia

Ile i7 mdogo wangu aliiuzia mwenye saiba moja pale Embu kwa KSh 13,000. Kwa kuandika barua na kuprinti, ni mashine nzuri tu. Lakini KSh 11,000 zilikuwa zimeenda. Zile 8,000 za mama zote, na 3,000 juu yake. Hakumwambia mama hadi Krismasi.

Alianza kuweka tena, kidogo kidogo. Desemba 2024 alipanda matatu mwenyewe hadi Nairobi, kilomita kama 130, na karatasi mfukoni. Akafungua ukurasa wa CPU, akasoma namba, akacheza nusu ya kwanza ya mechi pale pale, ndipo akalipa kwa till. i5-8500, kasha kubwa, RAM 16 GB na GTX 1650.

Alipoibeba nyumbani likizo, mama aliizunguka akiiangalia. "Na hii ni i ngapi?"

"Ni i5, mama."

"Ile ya kwanza si ilikuwa 7? Mbona umerudi chini?"

Tulicheka sana, kisha akamwelezea mambo ya vizazi kwa kutumia mashina ya chai. Kuna lile la zamani lenye jina kubwa, na kuna lile jipya linalotoa majani mara mbili. Mama akaelewa mara moja. Akasema, "Kumbe ungeniuliza mimi kabla ya kutuma."

*Kumbusho la kawaida: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Ukipigiwa na mtu anayedai ni sisi na anataka PIN, kata simu.*